Mwaka 1964: Januari 12 tunapumzika, Aprili 26 tunapumzika, Januari 20 hatuitaji kabisa

#1 Fundi Saa (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwaka ni yale yale. Januari 12 tunapumzika kwa Mapinduzi. Aprili 26 tunapumzika kwa Muungano, na ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo inasambaa kila kundi la WhatsApp. Katikati ya sikukuu hizo mbili kuna wiki moja isiyo na sikukuu wala gwaride: wiki ya maasi ya jeshi, kuanzia Jumatatu Januari 20 hadi Jumamosi Januari 25, 1964. Hoja yangu ni hii: wiki hiyo iliamua sehemu kubwa ya mwaka uliobaki. Mengi tuliyokuja kuyachukulia kuwa ndiyo desturi ya nchi hii, jeshi lililofungamana na chama, chama kimoja cha wafanyakazi, chama kimoja cha siasa, hata kasi ya Muungano wenyewe, ukiyafuatilia nyuma unafika kwenye geti la kambi ya Colito.

Mwenye kahawa aisogeze, nashusha kwa mafungu.

Tanganyika ilikuwa na umri wa miaka miwili na mwezi mmoja. Jeshi lake lilikuwa lile lile la mkoloni, King's African Rifles (KAR), lililobadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles nchi ilipojitawala Desemba 9, 1961. Batalioni ya kwanza ilikaa Colito, nje kidogo ya Dar, na ya pili ilikaa kambi ya Kalewa, Tabora. Askari wote kwa pamoja hawakuzidi sana 2,000. Kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na maofisa wengi walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Bendera imebadilika, wimbo umebadilika, wenzake wa TANU wa juzi tu leo ni mawaziri na makatibu wakuu wenye magari, yeye bado anampigia saluti afande yule yule.

Halafu Januari 7, 1964 ukatoka waraka wa Rais kwa watumishi wa serikali. Mwalimu alisema ule utaratibu wa kumpa Mwafrika kipaumbele juu ya raia wa rangi nyingine katika ajira na vyeo umekwisha, kuanzia sasa raia ni raia. Binafsi naona alikuwa sahihi kabisa. Lakini huko makambini na kwenye vyama vya wafanyakazi waraka ule ulisomwa kwa namna moja tu: Mzungu haondoki na sisi hatupandi.

Siku tano baadaye Unguja ikapinduka. Sultani Jamshid akapanda meli yake na familia, Mombasa wakamkatalia kushuka, ikabidi aje Dar kabla ya kwenda Uingereza. Serikali ya Tanganyika ikapeleka Zanzibar polisi wapatao 300 kusaidia kutuliza hali. Hapo ndipo wengi huwa wanaruka. Dar es Salaam ikabaki na polisi pungufu, huku askari wa Colito wakiwa wamejionea kwamba kundi lisilo na silaha za maana linaweza kuangusha serikali kwa usiku mmoja, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari.

Naendelea.

#2 Kapelele

Nimekaa paleee na karanga zangu. Shusha mkuu.

#3 Fundi Saa

Usiku wa manane kuamkia Jumatatu Januari 20 king'ora kikalia Colito. Maofisa Waingereza wakatoka na nguo za kulalia kuuliza kulikoni, wakakamatwa mmoja mmoja na kufungiwa. Aliyetajwa baadaye kuwa kinara ni Sajini Francis Hingo Ilogi. Malori yakaingia mjini. Alfajiri askari walikuwa wameshika uwanja wa ndege, redio, simu na njia za kwenda Ikulu.

Walitaka nini? Mambo mawili: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260. Hakuna aliyesoma tangazo la kuipindua serikali na hakuna aliyetaja rais mpya. Ndiyo maana napenda kuuita mgomo wenye bunduki. Ila serikali isingeweza kujua hilo saa tisa za usiku. Mwalimu na Makamu wake Rashidi Kawawa wakatolewa Ikulu na kuvushwa Kigamboni wakajificha, na mtu aliyebaki kuongea na askari alikuwa Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi.

Kambona huyu historia rasmi haikumtendea haki, kwa sababu ya yaliyotokea 1967 alipokimbilia Uingereza. Lakini Jumatatu ile alikwenda Colito mwenyewe, akasimama mbele ya watu wenye bunduki zilizojaa risasi, akawaahidi kwamba Waingereza wataondoka, akarudi redioni kuwaambia wananchi serikali bado ipo. Maofisa wakapakiwa kwenye ndege na familia zao, wakapelekwa Nairobi.

Huku mjini mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko kambini. Maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa, Magomeni na Kariakoo, na zaidi ya watu kumi waliuawa. Kesho yake Tabora nao wakaasi, ila kule alikuwepo ofisa kijana Mwafrika, Mrisho Sarakikya, aliyefanikiwa kuwashika askari wasivuke mipaka. Jina hilo mliweke akilini.

Mwalimu akarudi, akaongea redioni, akazunguka mitaani kwa miguu kuangalia uharibifu. Siku tatu nchi ikakaa hivyo hivyo, serikali ipo na haipo. Jeshi limerudi kambini lakini halina wa kuliamuru. Kisha zikafika habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanazungumza na waasi. Hapo ilikuwa si mshahara tena. Ijumaa ya tarehe 24 Mwalimu akatia saini kuwaomba Waingereza msaada.

Jumamosi alfajiri manowari ya kubeba ndege, HMS Centaur, ilikuwa pwani yetu. Helikopta zikashusha makomando wa Royal Marines pale Colito. Roketi moja kwenye chumba cha walinzi, askari wachache wakafa, waliobaki wakasalimu amri au wakakimbilia vichakani. Shughuli yenyewe haikuchukua hata asubuhi nzima.

Sasa jiulize: kiongozi aliyepigania uhuru bila kumwaga damu anamwita mkoloni arudi na manowari kumnyang'anya silaha jeshi lake mwenyewe, miaka miwili baada ya kumuaga. Mwalimu hakulificha, alisema waziwazi kwamba ni fedheha kwa taifa. Mimi nadhani fedheha hiyo ndiyo iliyoendesha maamuzi yake mengi mwaka ule.

#4 Mtu wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa TZ. Mngetaja pia sisi majirani maanake haikuwa yenu peke yenu. Januari 23 wanajeshi wa Uganda waliasi Jinja, wakamshika waziri Felix Onama alipoenda kuongea nao. Januari 24 ikawa huku kwetu Lanet, karibu na mji wa Nakuru, batalioni ya 11 ya Kenya Rifles. Nchi tatu, wiki moja, jeshi moja la mkoloni lililogawanywa mafungu matatu. Na zote tatu, Nyerere, Obote na Mzee Kenyatta, waliwaita Waingereza. Sisi Kenya tulikuwa na uhuru wa wiki sita tu!

#5 Fundi Saa

@Mtu wa Nakuru karibu sana ndugu yangu, na umenipeleka pale pale nilipotaka kufika. Maasi yalikuwa ya namna moja, tofauti ni kilichofuata. Kwenu waasi walishtakiwa kijeshi na serikali ikaendelea kuwa karibu na Uingereza kiulinzi. Uganda Obote aliwaongezea mshahara, karibu mara dufu, na wengi walibaki jeshini. Miongoni mwa maofisa waliopanda vyeo haraka baada ya hapo ni Idi Amin. Amin akampindua Obote Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu siku makomando wanashuka Colito.

Mwalimu alichagua njia ya tatu: alilivunja jeshi zima. Fikiria hilo. Rais anabaki na nchi isiyo na jeshi, jirani yake Msumbiji ina Wareno na Unguja bado haijatulia. Februari hiyo hiyo akaitisha kikao cha dharura cha mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, hapa Dar, akawaeleza kwa nini aliwaita Waingereza, akaomba jeshi la Kiafrika lije lishike zamu. Nigeria wakatoa batalioni. Wakati huo huo likaanza kuandikishwa jeshi jipya, vijana wengi wakitokea Umoja wa Vijana wa TANU. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Sarakikya yule yule wa Tabora. Ofisa ambaye Januari alikuwa anawatuliza askari wa batalioni moja, Septemba ana jeshi la taifa mkononi.

Askari wa jeshi hili jipya aliruhusiwa kuwa mwanachama wa chama, jambo ambalo Waingereza wasingelikubali hata kidogo. Mwalimu aliamua kwamba askari asiye na siasa ndiye hatari. Unaweza kubishana naye, ila angalia majirani wangapi wamepinduliwa na majeshi yao na sisi tumebaki.

Na Colito ikaitwa Lugalo. Colito ni mahali Ethiopia ambapo KAR walipigana kwa ajili ya Mwingereza mwaka 1941. Lugalo ni pale Iringa watu wa Mkwawa walipokifyeka kikosi cha Wajerumani cha Zelewski mwaka 1891.

#6 Kibaraza

Mkuu uzi mtamu lakini unapaka rangi upande mmoja. Hao viongozi wa wafanyakazi "waliozungumza na waasi", ushahidi uko wapi? Walikamatwa wapatao 200 kwa ile sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962, bila kesi. Akina Victor Mkello walikuwa wamekwisha onja kizuizini hata kabla ya maasi. Mwezi Februari shirikisho lao la TFL likafutwa, ikaundwa NUTA kuwa chama pekee cha wafanyakazi, na katibu mkuu wake akawa Michael Kamaliza ambaye ni huyo huyo Waziri wa Kazi! Yaani anayedai na anayedaiwa ni mtu mmoja. Tusiseme maasi "yalisababisha" hayo. Serikali ilishayataka siku nyingi, maasi yakawa ndiyo fursa.

#7 Fundi Saa

Kibaraza, hapo sina ugomvi mkubwa na wewe. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kuelekea chama kimoja tangu Januari 1963, mwaka mzima kabla ya Colito. Lakini angalia tarehe: tume ya kuandaa katiba ya chama kimoja, iliyokuja kuwa chini ya Kawawa, ilitangazwa Januari 28, 1964. Siku tatu baada ya makomando kushuka, damu haijakauka! Wazo lilikuwepo, ila katika siku za kawaida lingejadiliwa, lingepigiwa kelele, TFL wangegoma. Baada ya Januari 25 hakukuwa na mtu wa kusimama. Hata kama ni fursa kama unavyosema, bila maasi fursa hiyo isingekuwepo.

Kuhusu kesi za askari wenyewe: walishtakiwa kijeshi, Ilogi akapata miaka 15. Hakunyongwa mtu. Kwa maasi ya kijeshi, tena miaka ile, hilo nalo ni la kuandikwa.

#8 BintiMalindi

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya mpaka nikashindwa. Nyie ndugu zetu wa bara mna tabia: kila cha Zanzibar mnakifanya kiambatisho cha chenu. Mapinduzi yamepewa sentensi tatu hapo juu, yakawa "sababu ya polisi kupungua Dar". Subhanallah.

Zanzibar nayo ilikuwa taifa, tena changa kuliko lenu. Uhuru Desemba 10, 1963, kiti Umoja wa Mataifa Desemba 16. Mapinduzi Januari 12. Muungano Aprili 26. Kiti chetu New York hakikufika hata miezi mitano. Ndani ya muda huo: John Okello, mtu wa Uganda, anajiita Field Marshal na kutisha watu redioni, na mwezi Machi Mzee Karume kesha muondosha. Machi 8 ardhi yote ikatangazwa ya serikali, ndiyo mwanzo wa zile eka tatu tatu walizogaiwa watu. Septemba 23 elimu ikawa bure. Na watu waliouawa na waliokimbia, kila ukoo hapa Mjini una wake, mimi sizitaji hesabu kwa sababu kila mwandishi ana yake.

Na kuhusu "kasi ya Muungano" mnayoihusisha na Colito: sababu ziko kwetu. Ujerumani Mashariki wamefungua ubalozi, Wachina na Warusi wako, Babu ndiye Waziri wa Mambo ya Nje, Wamarekani wanaogopa "Cuba ya Afrika". Mzee Karume hana jeshi la kuaminika na ndani ya Baraza la Mapinduzi kuna watu wenye mipango yao. Haya ndiyo yaliyoharakisha.

#9 Fundi Saa

Wa alaykum salaam dada BintiMalindi, na ahsante kwa kuingia, uzi ulikuwa umelalia bara mno.

Yote uliyotaja nayakubali. Ninachoongeza ni upande wa pili wa meza. Karume hana jeshi la kuaminika, sawa. Mwaka 1964, mwezi Aprili, Nyerere naye hana! Anashikiwa zamu na Wanigeria. Mtu aliyeshuhudia serikali yake ikining'inia kwa siku tano kwa sababu ya askari wa batalioni moja hawezi kulala akijua kwamba umbali wa kama kilomita 70 kuna kisiwa ambacho madola makubwa yanakigombania. Viongozi wawili waliokuwa wamebaki wepesi kiulinzi waliegemeana. Kila mmoja alimhitaji mwenzake kuliko alivyokuwa tayari kusema hadharani.

Ndiyo maana mkataba ni mfupi namna ile. Hati zilisainiwa Zanzibar Aprili 22, Bunge la Tanganyika likapitisha tarehe 25, Muungano ukaanza tarehe 26, tarehe 27 wakabadilishana hati ukumbi wa Karimjee. Siku tano! Mambo ya Muungano yalikuwa 11, na ukiyasoma utaona yamekaa kiusalama: mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, halafu ndiyo kodi, forodha, bandari, posta na simu. Kilimo hakimo. Elimu ya shule haimo. Ni orodha ya watu waliotishika.

#10 BintiMalindi

Hapo kwenye "orodha ya watu waliotishika" nimekuelewa, ingawa wa kwetu wengi watakwambia kilichotutisha ndicho kilichokuja kutumeza. Na umesahau jambo: aliyeandika rasimu ni Roland Brown, mwanasheria mkuu wa Tanganyika, Mwingereza. Mwanasheria wetu wa Zanzibar, Dourado, hakushirikishwa. Mpaka leo watu wanabishana kama Baraza la Mapinduzi liliidhinisha kihalali. Kwa hiyo mtu akituambia "kasi" tunajua kasi hiyo ilimwacha nani kituoni.

#11 Kapelele

Dada kanyoosha 😂😂 Mleta uzi, jina "Tanzania" lilikuja lini hasa? Maana nasikia Aprili, wengine Oktoba.

#12 Fundi Saa

@Kapelele Aprili nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu kweli. "Tanzania" lilitangazwa Oktoba 29, 1964. Ndiyo maana mwezi huo huo wanariadha wetu kwenye Olimpiki ya Tokyo walishindana kwa jina la Tanganyika, nchi ambayo kisheria haikuwepo tena tangu Aprili. Majirani walikuwa na kituko kikubwa zaidi: waliingia kwenye sherehe za ufunguzi kama Rhodesia ya Kaskazini, siku ya kufunga, Oktoba 24, wakatoka kama Zambia, maana uhuru wao uliangukia siku ile ile.

Na kabla hujaniuliza: Che Guevara alikuja 1965, sio 1964.

Mengine ya mwaka ule nayapitia haraka. Julai 1 ulianza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano. Chuo kikuu kikahamia Mlimani kutoka mtaa wa Lumumba. Septemba 25 FRELIMO wakaanza vita dhidi ya Wareno kaskazini mwa Msumbiji, wakitokea kwetu, yaani JWTZ likiwa na umri wa siku 24 tayari lina vita mpakani. Wakufunzi wa Kichina nao wakafika mwaka huo huo, nchi za Magharibi zikanuna, Mwalimu akawajibu kwamba kuwa na marafiki wapya hakumaanishi kuwauza wa zamani kwa mtu.

#13 Kibaraza

Swali la mwisho kwangu. Hao Wanigeria waliishia wapi? Shuleni hatukusikia hata jina lao.

#14 Fundi Saa

Walikaa mpaka jeshi jipya likasimama, Septemba wakaondoka kwao kwa amani. Nijuavyo, hiyo ni mara ya kwanza nchi huru ya Kiafrika kuikopesha nyingine ulinzi namna ile kwa baraka za OAU, na bado hakuna anayeizungumzia.

Labda kwa sababu ya kilichofuata. Aprili 13, 1968, serikali ya Lagos ikiwa katikati ya vita vya kuzuia nchi isigawanyike, Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, sehemu ya Nigeria iliyojitenga. Fikiria walivyoipokea habari hiyo maofisa waliowahi kulala Colito kutulindia nchi.

#15 Mtu wa Nakuru

Biafra ni moto mwingine ndugu. Fungua uzi wake, huu uache hapa kabla wa Lagos hawajafika.